Mwalimu Aliyekataa Kuandika Hayupo

Tuliosoma kwa Mwalimu tunajuana kwa mkono. Mtu akisimama mahali bila kitu cha kushika, mkono wake unaingia mfukoni wenyewe, hata kama gauni alilovaa halina mfuko. Basi unauona unapapasa pembeni ya paja mpaka mwenyewe aone haya. Siku tuliyomzika tulisimama kando ya kaburi watu kumi na zaidi, watu wazima wenye kazi zao na watoto wao, kila mmoja mkono mfukoni. Mchungaji alitutazama kwa jicho baya. Alidhani hatuna adabu.

Adabu ile tulifundishwa na Mwalimu mwenyewe, katika chumba cha ghorofa ya tatu pale Nakivubo, Kampala, juu ya maduka ya viatu vya mitumba. Alikuwa akifundisha kuandika programu za kompyuta kwa lugha inayoitwa C, lugha ya zamani, kali, isiyomsamehe mtu. Vijana wengi wa mjini walikuwa wanakimbilia lugha laini, zile zinazokusafishia kila unapochafua. Mwalimu alisema hizo ni lugha za watu wenye yaya. "C haiko na yaya," alisema. "Ukianguka, ni weye na meno yako."

Alizaliwa wapi hasa na ukoo wake ni upi, sijui vizuri, na mara mbili nilipouliza aliniuliza kama nimemaliza zoezi. Ninalojua ni kwamba alitoka Kongo ya mashariki kwa miguu, akiwa na wana wawili na binti mmoja, na kwamba mpakani alifika na wana wawili. Binti aliitwa Faida. Alikuwa na miaka tisa. Walipotezana siku watu walipotawanywa na risasi karibu na mto, na tangu siku hiyo Mwalimu alikuwa akimtafuta. Hilo sote tulilijua, na hakuna aliyelitaja mbele yake.

Mimi aliniita mtoto wa afande, kwa sababu baba yangu alikuwa polisi. Nimekulia kambini, baba Mkristo wa kabila la Lango, mama Mwislamu kutoka Arua, na nyumba yetu ilipatanishwa na Kiswahili kwa kuwa hakuna aliyekubali lugha ya mwenziwe. Kampala Kiswahili ni lugha ya askari; ukikizungumza barabarani watu wanageuka kuangalia umekuja kukamata nani. Ndiyo maana nilipomsikia Mwalimu kwa mara ya kwanza akimkaripia mtu kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha Kongo chenye mu- na ba- nyingi, na njo badala ya ndiye, nilijisikia niko nyumbani, nikakaa. Nilikuwa nimepanda ngazi kumtafuta fundi wa simu.

Mwalimu alikuwa mwoga wa sare. Baba alikuja siku moja kutoka kazini, akiwa na kofia na buti, kuona ni mtu gani anayemfundisha binti yake mambo yasiyo na cheti. Mwalimu alipomwona mlangoni chaki ilimdondoka. Halafu akatembea akasimama katikati, baina ya mlango na sisi wanafunzi. Alikuwa mwembamba, asingeweza kumzuia hata kuku. Baba akaelewa kabla yangu. Akavua kofia, akaiweka kwapani, akasema, "Jambo, Mwalimu. Mimi ni mzazi tu." Hakurudi tena pale na sare, na nyumbani alisema yule mtu ni mwalimu kweli.

Sasa niseme habari ya mikono, maana bila hiyo hamtaelewa nilichomfanyia.

Katika C, habari hazikai pamoja. Unamweka baba mahali pake kwenye kumbukumbu ya mashine, watoto mahali pao, kila mtoto ana vitu vyake mahali pengine, na kinachowaunganisha ni vielekezi: baba anajua tu mtoto wake yuko chumba namba fulani. Wataalamu wana jina lao la vielekezi hivyo. Mwalimu aliviita mikono. Alitusimamisha chumbani, mmoja baba, wengine watoto, wengine wajukuu, kila mtu amemshika bega yule anayemwelekea. Kisha yeye ndiye programu: anaanzia kwa baba, anaufuata mkono mpaka kwa mtoto, anaufuata mkono wa mtoto mpaka kwa mjukuu, akiandika majina kwenye karatasi. Kazi hiyo, ya kuwatoa watu kwenye kumbukumbu na kuwaandika kwenye faili, aliita kuhamisha. Na katika kuhamisha ndipo programu za wanafunzi zilipokuwa zinaanguka, yaani kukatika ghafla, kila siku.

"Juu ya nini inaanguka?" aliuliza. Halafu anakuja mbele ya mtu aliyefika mwisho wa mstari, mtu asiye na wa kumshika, ambaye mkono wake unaning'inia ovyo. "Hiyo mukono iko inaonyesha nani?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Hapana. Iko inaonyesha ukuta. Nitaufuata, nitaingia mu ukuta, nitavunja kichwa. Kama hauna mutu ya kushika, tia mukono mu mufuko."

Mfuko ndio NULL, neno la C la kusema hapa hakuna mtu, usiende mbele. Programu ikikuta NULL inapita salama. Ikikuta mkono uliosahauliwa, ambao mwenyewe hakusema unamshika nani wala hakuutia mfukoni, inaufuata mpaka kusikokuwa na mtu na inaanguka papo hapo. Mwalimu aliliimba hilo mpaka tukaliota. Ukimtengeneza mtu, kabla ya yote mwambie mkono wake uko wapi. Aliyesahau alisimama mkono mfukoni hadi mwisho wa kipindi, na mvua ya Nakivubo ikinyesha vipindi vilikuwa virefu.

Na alikuwa na ucheshi wake, msidhani alikuwa mtu wa kununa tu. Mwenzetu Kato, Muganda wa Mengo, aliandika programu ambayo baba anamwelekea mtoto na mtoto naye anamwelekea baba. Ikaanguka. Mwalimu akamwambia asimame aihamishe familia hiyo kwa miguu yake, kutoka kiti hiki kwenda kile na kurudi, akiandika jina kila anapofika. Kato akazunguka. Sisi tunakula karanga. Baada ya dakika kama kumi karatasi ikajaa, yeye jasho linamtoka.

"Ssebo," akamwita, yaani bwana, "mala ngapi sasa?"

"Mpaka umalize familia."

"Lakini haiishi! Nafika kwa baba, ananiludisha kwa mtoto!"

"Ah," Mwalimu akasema, akachukua karanga. "Sasa unazungumuza kama mashine. Kaa."

Sheria yake nyingine ilikuwa ya idadi. Kabla ya kuandika watoto, andika kwanza wako wangapi, na ukishamaliza hesabu tena. Vitabu vingine havitaki ufanye hivyo, nilimwonyesha kimoja. Alikifunga taratibu akanirudishia. "Aliyeandika hii hajawahi kuondoka na watoto," alisema, akaendelea na somo.

Usafi wake haukuwa wa mchezo. Alifua shati kila siku, alipiga pasi hata kola ya ndani, na keyboard yake ilikuwa haina herufi tatu, kazibandika vipande vya plasta badala yake. Alikuwa mzee wa kanisa, lakini alipanga chumba Kibuli kwenye kilima cha msikiti, na adhana ya alfajiri ndiyo iliyomwamsha kwenda kazini akitembea. Boda boda hakupanda, alisema hajafika umri wa kubebwa. Alichukia umbea, na alijua habari za kila Mkongo aliye Kampala, nani kafika wiki hii, nani kahamia kambi ipi, nani kajifungua. Alitukataza kunakili programu za watu, kisha ukiugua anakuandikia zoezi lako zima na kusaini jina lako. Mimi alinisaini vibaya. Jina langu alikuwa halijui vizuri mpaka mwisho.

Habari za watu alizijua kwa sababu ya Orodha. Orodha ilikuwa programu aliyoiandika mwenyewe, peke yake, miaka mingi, kwenye kompyuta kubwa ya kizamani iliyogeuka rangi kuwa ya maziwa yaliyoganda. Asubuhi, kabla ya masomo, watu walipanda ngazi kumletea majina: mama fulani, katoka kijiji fulani, ana watoto watano, watatu yuko nao, mmoja yuko kambini, mmoja hajulikani. Mwalimu aliandika kila mtu na watoto wake na mahali alipo kila mmoja. Mwingine akija kesho akasema alimwona mtoto wa jina hilo mahali fulani, Mwalimu anautoa ule mkono mfukoni, anauelekeza huko, anampigia mama simu. Waliopatana kwa njia hiyo nimewaona kwa macho yangu. Kuna mwanamke alilia pale kwenye ngazi mpaka wauza viatu wakapanda kuuliza nani kafa, naye alikuwa amempata mwanawe hai.

Aliianza Orodha kwa ajili ya Faida. Familia ya kwanza ilikuwa yake, na hii hakuiingiza kama wengine. Aliiandika kwa mkono ndani ya programu yenyewe siku alipoianza, kabla hajatengeneza mahali pa kuingizia majina, na hakuitoa tena. Kila programu ilipowashwa, wa kwanza kusimama alikuwa yeye na mkewe na watoto wao. Kila ilipohamisha watu kwenda kwenye faili, ilianzia kwao. Ilinipendeza hiyo. Niliona ni kama mwenye nyumba anayetangulia mlangoni.

Mimi nikahitimu kwake, nikapata kazi ofisi moja ya mjini, nikaanza kuvaa viatu vya kisigino na kusema Kiingereza hata na askari wa getini. Nilikuwa hodari, sisemi kwa kujisifu. Mwalimu alikuwa amenifundisha kutafuta kosa hatua kwa hatua, kidole kwenye karatasi, na pale ofisini wenzangu waliponiita mchawi nilikuwa siwakatazi.

Ile kompyuta ya rangi ya maziwa ikafa. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, ikatoa harufu, basi. Watu wa kanisani wakamletea nyingine, nyembamba, ya kisasa. Akaipeleka programu yake kule kutoka kwenye flashi, pamoja na faili la majina, akaiwasha, akaiambia ihifadhi. Ikaanguka. Mbaya zaidi, Orodha ilikuwa na tabia ya kulifuta faili la zamani kwanza ndipo iandike jipya. Kwa hiyo ilipoanguka njiani iliacha faili tupu, hakuna hata jina moja. Nakala ilikuwepo kwenye flashi, ashukuriwe Mungu. Akarudishia, akajaribu tena, ikaanguka tena. Kwa muda wa wiki mbili watu walipanda ngazi na majina yao, naye akayaandika kwenye daftari la shule, na hakuna aliyeweza kutafutwa humo kwa haraka.

Ndipo akanipigia simu. Mwalimu hakuwahi kumwomba mtu msaada wa programu. Nilisimama kwenye korido ya ofisi na simu sikioni, na nikiri sasa kwamba nilifurahi. Mwanafunzi wa jana leo anaitwa na mwalimu wake. Nilinyoosha sketi, nikaomba ruhusa, nikapanda boda boda mpaka Nakivubo.

Nilikuta wanafunzi wapya saba, siwajui. Mwalimu akaniachia kiti chake. Akasema, "Mutoto ya afande, angalia. Mi nimeangalia sana, macho imechoka." Kisha akasema anakwenda kutuletea rolex chini, chapati na mayai, maana alikuwa anajua sijala. Akatoka. Nasema hili kwa sababu limenisumbua: alitoka.

Nikaitembeza programu hatua moja moja kama alivyonifunza. Haikunichukua muda. Ilianguka kwenye familia ya kwanza kabisa. Nikafungua ile sehemu aliyoiandika kwa mkono. Baba: jina, miaka, mahali, Kampala. Mama: jina, miaka, mahali, makaburi ya kwao, alikuwa amekufa kabla ya vita. Mwana wa kwanza: mahali, Nairobi. Mwana wa pili: mahali, kambi moja ya magharibi. Binti: Faida. Miaka tisa. Halafu mstari mtupu. Pale ambapo kwa wengine pameandikwa mahali, kwake hapakuandikwa kitu. Hapakuwa na mahali, na hapakuwa na NULL.

Mtu wa kazi hii ataelewa mara moja. Ile mashine ya zamani, kwa bahati tu, ilikuwa ikitoa nafasi safi, zenye sifuri, na sifuri kwa C ni sawa na mkono mfukoni. Programu ilipofika kwa Faida iliukuta mkono umetulia, ikapita bila kuuliza. Mashine mpya ilitoa nafasi zenye takataka za kazi nyingine. Mkono ule ule ambao haukuambiwa kitu sasa ulikuwa unaonyesha ovyo, programu ikaufuata, ikavunja kichwa. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, kosa ambalo alitusimamishia vipindi vizima, lilikuwa limekaa miaka yote ndani ya programu ya Mwalimu, kwenye familia yake.

Nisiseme uongo. Niliona jina. Sikulichanganya na jina lingine, nilijua ni nani. Kitu kilinigusa hapa kifuani kidogo, nikakisogeza, kwa kuwa nilikuwa na wanafunzi saba nyuma yangu wanaangalia vidole vyangu, na kwa kuwa jibu lilikuwa moja na nilikuwa nalijua. Nikaandika pale: mahali, NULL. Nikaihifadhi. Familia zote zikapita, mamia ya watu, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na faili likajaa.

Aliporudi alikuwa na rolex mbili kwenye gazeti, zinatoa mvuke. Nikamgeuzia kiti.

"Imepita, Mwalimu! Ni mstari mmoja tu ulikuwa unasumbua."

"Gani?"

"Wewe mwenyewe uliacha mkono hewani!" Nikacheka. Nikawageukia wale saba. "Nani atamsimamisha Mwalimu mkono mfukoni leo?"

Wakacheka wote. Mwalimu akaja taratibu, akainama, akausoma mstari. Aliusoma muda mrefu kuliko urefu wake. Akaweka rolex zote mbili mbele yangu, akasema, "Aksanti," akaenda kunawa mikono kwenye ndoo pale kona, na mikono ilikuwa safi. Siku hiyo hakula.

Tangu Jumatatu iliyofuata hakuigusa Orodha. Aliwakabidhi vijana wa kanisani, akawaonyesha kila kitu kwa uvumilivu, na asubuhi hakufika tena kabla ya masomo. Alifika saa ya somo, akafundisha, akaondoka. Mimi niliambiwa na Kato. Nikadhani ameona aibu kusahihishwa na mwanafunzi mbele ya watu, na nikamwambia Kato wazee ndivyo walivyo, itapita. Nilisema hivyo kweli, na Kato ni shahidi.

Haikupita. Sikuweza kumpigia. Mwaka mmoja, wa pili. Nikaolewa, nikapata mtoto wangu, msichana, na siku moja sokoni Nakivubo akaniponyoka mkononi kwenye msongamano wa watu, kwa muda ambao mtu angenunua nyanya. Nilimpata ameshika sketi ya mwanamke mwingine. Nilikaa chini pale pale kwenye matope. Watu waliniuliza kama naumwa. Nilikuwa naona ule mstari niliouandika, herufi nne, na nilijua sasa kwamba Mwalimu hakusahau kitu. Yule mtu hakuwahi kusahau mkono hata wa mjukuu wa mtu baki. Aliacha pale patupu kwa kukusudia, kwa sababu C inakupa maneno mawili tu, yupo mahali hapa au hayupo, na yeye lile la pili alikataa kuliandika. Nami nililiandika kwa niaba yake, nikicheka.

Nikaambiwa amehamia Mengo, chumba cha uani kwa mama mmoja wa kanisa lao, na kwamba sukari imemla macho, haoni. Nilikesha siku tatu nikitengeneza. Niliandika ndani ya Orodha, nakala niliyopewa na vijana wa kanisani, mahali pa tatu, mahali ambapo si popote na si hayupo, nikapaita Bado. Mtu anayetafutwa mkono wake unaelekezwa Bado, programu inapita salama, na hakuna aliyesema amekufa. Lilikuwa jambo rahisi. Lingewezekana siku ile ile, kama ningengoja arudi na chapati nikamuuliza, Mwalimu, hapa uliacha kwa nini? Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nilikwenda na ndoo yangu hivyo hivyo.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, shati limepigwa pasi, mtu mwingine sasa ndiye anayempigia. Alikuwa amekwisha sana. Nilipiga magoti kumsalimu kama tunavyowasalimu wazee wetu, akanishika kichwa.

"Mutoto ya afande."

"Umenijuaje, Mwalimu?"

"Viatu. Weye njo mutu moja tu unapanda kwangu na viatu ya makelele."

Nikasema yote, bila kupumzika: kwamba nililiona jina, kwamba nilichezea jambo lisilo la mchezo, nisamehe. Nikamwambia habari ya Bado. Nikafungua laptopu magotini ingawa haoni, nikamweleza mstari kwa mstari, na kwamba nikibonyeza hapa tu NULL itatoka na haitarudi.

Alisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza mwanafunzi akieleza zoezi. Kisha akasema, "Ni kazi muzuri. Batu wengine itabasaidia. Weka."

"Na Faida?"

Yule mama mwenye nyumba alikuwa anachambua mchele uani, akasimamisha ungo.

"Kulikuwa mama moja," Mwalimu akasema. "Alikuja na majina, asubuhi, kama wengine. Miaka ine mbele ya weye kuweka ile NULL. Nikaandika watoto yake, sita. Nikamuuliza alipita wapi. Akaniambia ngambo ya muto balilala siku mbili, na siku ya pili balizika mutoto mwanamuke, hana mutu, iko na sweta ya kijani, kifungo ya juu ni nyekundu. Mi njo nilishona ile kifungo."

Nikatoa vidole kwenye vitufe.

"Nikamupa maji. Nikamusindikiza mpaka kwa ngazi."

"Ulijua," nikasema. "Miaka yote hiyo ulijua."

"Mi nilijua. Mashine haikujua." Alikuwa anasema polepole, uso ameuelekeza kwangu, sawasawa, kana kwamba ananiona. "Asubuhi nafika, nawasha, tunakaa sisi wawili. Mi najua, yeye hajui. Ilikuwa inanisaidia, kukaa na mutu hajui. Kisha weye ukamwambia."

Nililia. Nililia vibaya, kwa sauti, na yule mama akaja akanishika mabega. Mwalimu hakuninyamazisha. Aliposikia kilio kimepungua akapapasa mpaka akaipata laptopu, akaweka kiganja juu yake.

"Usiweke Bado. Ile ni ya batu banatafutwa. Toa NULL. Andika mahali."

"Mahali gani?"

"Ngambo ya muto. Nyuma ya masomo ya matofali, upande wa kushoto ukitoka kwetu." Akafikiri. "Andika na sweta."

Nikaandika. Vidole vilikosea, nikafuta, nikaandika tena. Nikaihifadhi, na familia ya kwanza ikapita, baba, mama, mwana, mwana, binti, na wengine wote nyuma yao.

"Imepita?"

"Imepita, Mwalimu."

"Nisomee."

Nikasoma. Faida. Miaka tisa. Mahali, ng'ambo ya mto, nyuma ya shule ya matofali, upande wa kushoto ukitoka kwao. Sweta ya kijani. Alikuwa amefumba macho yake yasiyoona, midomo inatembea pamoja na yangu. Nilipomaliza nikangoja.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, na tena, mpaka yule mama alipoleta maji ya kunawa, akamwambia Mwalimu chakula kiko tayari.